Kekee ya Zamani: Ijue Kwanza, Ndipo Uibadilishe

Ingia duka la vifaa pale Gerezani, Dar es Salaam, useme unataka kekee. Uwezekano mkubwa utawekewa mezani mashine ya umeme. Ukisema "hapana, ile ya mkono," muuzaji atakutazama kidogo, ataingia stoo, atatoka na kitu chenye gia na mpini wa kuzungusha. Huenda ndicho ulichokitaka, huenda sicho kabisa. Kosa si la muuzaji, ni la jina. Neno kekee limebebeshwa zana nne au tano ambazo hazifanyi kazi moja, hazishiki biti za aina moja, na moja haiwezi kukaa mahali pa nyingine. (Waliofungua ukurasa huu wakidhani ni kekee ya fedha ya kuvaa mkononi, samahani. Hapa ni karakana.)

Makala haya ni ya mwenye kekee iliyochoka, iwe ya kurithi au ya mtumba, anayetaka kujua ameshika nini na aweke nini badala yake. Msimamo nauweka wazi mapema: kekee haibadilishwi kwa sura wala kwa chapa, hubadilishwa kwa kichwa chake. Tazama kichwa kinashika biti gani, kisha tazama inazungukaje. Rangi na maandishi vinafuata nyuma sana.

Iliyotoa jina

Kekee ya mafundi wa pwani ina sehemu nne, na kila moja ina jina lake. Kijembe ni chuma kinachotoboa. Msukano ni mti wa mviringo ambamo msuka wa kijembe, yaani mkia wake, umechomekwa. Jivu ni kishikio cha juu, fundi hukishika na msukano ukazunguka ndani yake. Uta ndio unaoendesha yote: kamba yake imezungushwa msukano mara moja, ukiusukuma na kuuvuta, msukano unazunguka huku na huku. Wajenzi wa majahazi katika visiwa vya Lamu waliitumia kwa sababu iliyo wazi: msumari mnene haupigwi kwenye mbao ngumu bila tundu, mbao itapasuka. Na mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba badala ya misumari, ulitaka tundu kwa kila mshono.

Maneno ya kushika hapo ni "huku na huku." Kekee ya uta hukata ikienda na hukata ikirudi, kwa hiyo kijembe chake ni bapa, ncha yake kama ya mkuki, na kila ukingo umenolewa pande zote mbili. Hapo ndipo wengi hukosea wanapotaka kuikarabati. Kijembe kimevunjika, mtu ananunua biti ya kawaida ya chuma, ile yenye mifereji ya kujiviringisha, anaichomeka kwenye msukano. Biti hiyo imetengenezwa kuzunguka upande mmoja tu. Uta ukirudi, makali yake yanasuguliwa kinyumenyume, vumbi linarudishwa ndani ya tundu, na baada ya matundu machache biti ni butu na fundi anailaumu kekee. Kinyume chake nacho hakina faida: ukikitia kijembe kwenye kekee ya kuzungusha upande mmoja, kitatoboa, lakini kwa kukwangua, taratibu, na kitapenda kuhama kutoka kwenye alama.

Kwa hiyo kijembe hubadilishwa kwa kijembe, na kwa kuwa dukani hakipo, hutengenezwa. Usitumie msumari. Chuma cha msumari kina kaboni kidogo mno, hakishiki maji: utakipasha, utakizamisha, kitatoka laini kama kilivyoingia. Tumia kipande cha tupa iliyokwisha. Kipashe mpaka kiwe chekundu, ukiache kipoe polepole ndani ya majivu ili kilainike, kisha ukikate na kukichonga. Bapa la mbele liwe na upana wa tundu unalolitaka, ncha iwe katikati kabisa, na kingo zilingane pande zote. Ukimaliza umbo, kipashe tena mpaka sumaku isikishike, kizamishe ndani ya mafuta ya kupikia au ya injini, si maji, maana chuma chembamba cha tupa hupasuka kikipoa ghafla. Sasa ni kigumu lakini kinavunjika kama kioo. King'arishe kwa msasa upande mmoja, kipashe kidogo kidogo kuanzia upande wa msuka, na rangi ya majani makavu ikifika kwenye ncha, kizime. Rangi ikipita na kuwa ya buluu umechelewa, makali yatakuwa laini, rudia tangu kuzamisha.

Msukano uliochakaa hujulikana kwa kiuno: pale kamba inapopita mti umelika, kamba inateleza na uta unakwenda bure. Wengine hupaka utomvu au ulimbo pale kamba inaposhika, na hilo husaidia kwa muda, lakini kiuno kikishaingia ndani dawa ni kukereza msukano mpya. Mti wowote mgumu wenye nyuzi zilizonyooka unafaa. Mnene zaidi huzunguka polepole lakini kwa nguvu, mwembamba huzunguka kwa kasi na kuchoka upesi. Sentimita 3 hadi 4 ni kiasi cha kuanzia.

Kekee yenye kiwiko

Ya pili ni ile ambayo fremu yake imepinda katikati kama kiwiko, ina mpini wa mviringo juu wa kukandamizia na mwingine hapo kwenye kiwiko wa kuzungushia. Waliosoma ufundi shuleni huiita bresi, nami nitaiita hivyo ili tusichanganye. Haina gia. Mzunguko mmoja wa mkono ni mzunguko mmoja wa biti, na nguvu yake inatokana na upana wa kiwiko.

Upana huo ndio kipimo chake cha kwanza. Pima kutoka kwenye mstari wa katikati wa kichwa hadi katikati ya mpini wa kiwiko, kisha zidisha kwa mbili. Bresi nyingi zina inchi 10, yaani kama sentimita 25. Zipo za inchi 6 na 8 kwa kazi nyepesi na kwa kufungia skrubu, na za 12 au 14 kwa matundu makubwa. Ukibadilisha ya inchi 12 kwa ya inchi 8, kisha ukatoboa mninga mkavu kwa biti ya milimita 25, mikono itakuambia kabla ya tundu kufika nusu.

Kipimo cha pili ni taya. Fungua kichwa chote utazame ndani. Taya za bresi kwa kawaida ni mbili, na kila moja ina mfereji wenye pembe. Zimetengenezwa kushika biti yenye msuka wa pembe nne unaopungua kuelekea mwisho, kama piramidi ndefu iliyokatwa kichwa. Umbo hili la kichwa, ganda linalozungushwa na kuzibana taya, linatokana na hataza ya Barber ya Marekani ya mwaka 1864, na karibu kila bresi ya chuma utakayokutana nayo ni mjukuu wake. Taya hizo hazikuumbwa kwa biti ya duara. Ukiibana, itakaa kwa kazi nyepesi, lakini mbao ikikaza, biti itasimama na kichwa kitaendelea kuzunguka, na kila kikiteleza hivyo taya zinalika. Zipo taya ndefu zinazoshika msuka wa duara na wa pembe nne, nazo utazijua kwa mfereji unaoendelea urefu wote badala ya kuishia shimoni.

Biti zake nazo zina lugha yake. Namba iliyopigwa kwenye msuka ni sehemu ya 16 ya inchi: namba 4 ni milimita 6.35, namba 8 ni nusu inchi au 12.7, namba 16 ni inchi nzima. Mwenye kurithi sanduku la biti hizi amerithi mali kuliko bresi yenyewe. Nyingi zinaonekana zimekufa kumbe ni butu tu, na zinanolewa kwa tupa ndogo, lakini kwa masharti mawili ambayo yakivunjwa biti imekufa kweli. Biti hiyo ina skrubu ndogo kwenye ncha inayoivuta ndani ya mbao, kucha mbili za pembeni zinazokata mduara, na makali mawili yanayonyanyua mbao. Kucha zinanolewa upande wa ndani tu: ukizigusa nje, mduara unapungua na mwili wa biti utakwama ndani ya tundu ulilolitoboa mwenyewe. Makali yananolewa upande wa juu tu, ule unaoelekea kwenye msuka: ukinoa chini, makali yanapoteza nafasi ya kuingia na biti inabaki kuzunguka juu ya mbao. Skrubu ya ncha usiiguse kwa tupa kabisa. Isafishe kwa brashi ya waya, au kwa uzi uliopakwa mafuta na unga wa msasa.

Kujua kama bresi imepinda ni rahisi. Weka ncha ya biti kwenye ubao, simamisha bresi wima, zungusha taratibu. Mpini wa juu ukitulia, fremu ni nzima. Ukichora duara hewani, fremu imepinda au biti si nyoofu, basi jaribu kwa biti nyingine kabla ya kuhukumu. Racheti, yaani kifaa cha vimeno kinachokuwezesha kutoboa kwa kwenda na kurudi pale pasipo nafasi ya mzunguko kamili, ikiruka mara nyingi haijalika: ni grisi ya zamani iliyoganda kama lami na kuvizuia vimeno visishuke. Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi, itie mafuta mepesi, ujaribu tena. Vimeno vikiwa na kona za duara badala ya kona kali, hapo imekwisha. Hata hivyo bresi bila racheti bado inatoboa popote penye nafasi ya mkono kuzunguka mzunguko kamili.

Nikiulizwa ushauri juu ya bresi mbovu, jibu langu ni fupi: usitafute taya za kuvalisha. Ganda, taya na nyuzi vilitengenezwa kwa pamoja na kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake. Tafuta bresi nyingine nzima ya upana uleule, mpya au ya mtumba, ubaki na biti zako. Ukilazimika kutumia biti za siku hizi zenye msuka wa pembe sita, vipo vipande vya kuunganisha vyenye msuka wa pembe nne upande mmoja na tundu la milimita 6.35 upande wa pili.

Yenye gia

Sasa ile ambayo watu wengi huimaanisha: mpini wa juu, gurudumu la gia lenye mkono wa kuzungusha ubavuni, na kichwa kidogo chenye taya tatu mbele. Nitaiita drili ya mkono. Inashika biti za duara, na kazi yake ni matundu madogo: hadi milimita 6 au 8 kwenye mbao, 5 au 6 kwenye chuma laini. Kutoboa tundu la mwongozo kabla ya skrubu namba 8 kuingia kwenye mvule, milimita 3 hivi, hakuna zana nzuri kuliko hii: unaona, unasikia, unasimama unapotaka.

Kabla ya kuitafutia mbadala, iandikie wasifu. Chora alama ya chaki kwenye kichwa, zungusha mpini mzunguko mmoja kamili, hesabu alama imepita mara ngapi. Au hesabu meno: gia kubwa ikiwa na meno 72 na ndogo 18, uwiano ni 4 kwa 1, na mkono ukizunguka mara 60 kwa dakika biti inazunguka mara 240. Drili nyingi za aina hii ziko karibu na hapo. Kisha tazama kama gia ndogo ni moja au mbili. Yenye mbili inaibana gia kubwa juu na chini, haiyumbi. Yenye moja huwa na kigurudumu kidogo au kigingi upande wa pili cha kuizuia gia kubwa isikimbie meno. Pima biti nene kabisa inayoingia na nyembamba kabisa inayoshikika. Zungusha mpini wa juu uone kama unafunguka, maana nyingi zina shimo ndani la kuwekea biti, na humo mara nyingine utakuta zawadi ya mwenye nayo wa kwanza.

Alama za kampuni zitafute kwenye fremu, kwenye ganda la kichwa na kwenye uso wa gia, kwa brashi laini na mafuta ya taa, si kwa msasa. Msasa unafuta herufi zilizopigwa kwa kina kifupi, na ukishazifuta hazirudi. Millers Falls ya Massachusetts, kampuni ya mwaka 1868, inajulikana kwa gia zake zilizopakwa nyekundu, na namba 2 yake ilitengenezwa kwa miongo mingi, hivyo namba pekee haikuambii umri. Huku kwetu, kwa historia ya biashara na Uingereza, usishangae kukuta Stanley iliyoandikwa kuwa imetengenezwa Uingereza, au Record, zote kazi ya Sheffield. Stanley ni kampuni ya Marekani, na maandishi hayo ya Uingereza yanakuambia drili si ya kabla ya miaka ya 1930. Tarehe ya hataza nayo isikudanganye: inaonyesha drili haikutengenezwa kabla ya hapo, haisemi ilitengenezwa lini. Na rangi usiiamini hata kidogo, mtu yeyote mwenye kopo na brashi huibadilisha.

Sasa magonjwa yake, na hapa ndipo watu hutupa drili nzima kwa kosa la shilingi chache.

Gia zikiruka unapokandamiza, macho yote huenda kwenye meno. Meno mara nyingi ni mazima. Kilicholika ni pini ya gia kubwa au tundu lake, gia inalegea na kusogea mbali na ndogo. Shika ukingo wa gia kubwa uutikise: ikicheza kuelekea nje zaidi ya milimita 1, ndiyo hiyo. Fungua skrubu ya katikati, toa gia, weka washa nyembamba upande utakaoisukuma karibu na gia ndogo. Washa ya dukani mara nyingi ni nene mno. Kata duara kutoka kwenye kopo la soda: bati lake lina unene wa kama milimita 0.1, na unaweza kupanga mbili au tatu mpaka gia zikutane bila kukazana. Ukipitisha kiasi utasikia mpini unakuwa mzito mahali pamoja katika kila mzunguko. Punguza moja. Jino la gia kubwa likiwa limevunjika kweli, kumbuka hicho ni chuma cha kumimina: uchomeleaji wa kawaida wa umeme hukipasua. Fundi wa gesi anaweza kujaza kwa shaba na jino likachongwa upya kwa tupa, lakini kwa drili ya kawaida gharama haina maana.

Drili ikizunguka laini hewani na kuwa nzito ukiikandamiza, tazama nyuma ya kichwa au nyuma ya gia ndogo. Pale pana gololi zinazobeba mkandamizo. Zikipotea au zikilika, chuma kinasugua chuma. Gololi hizo si mwujiza, kwa fundi baiskeli zipo za saizi kadhaa: za kitovu cha gurudumu la mbele kwa kawaida ni milimita 4.76, za nyuma 6.35, za pedali 3.97. Pima moja iliyosalia kwa venia (kipimio cha unene chenye taya), au pima mfereji wake, na ubadilishe zote kwa mara moja. Ukichanganya mpya na kuukuu, mpya ndiyo itakayobeba mzigo wote peke yake, nayo itapasuka.

Taya zikikataa kufunguka au moja ikibaki nyuma, kuna springi ndani zimekufa. Tandika kitambaa cheupe, fungua ganda, toa taya tatu taratibu. Kati yake kuna springi ndogo, nazo hupenda kuruka, ndiyo maana ya kitambaa. Springi ya kalamu ya wino, ikikatwa kwa urefu wa ile ya zamani, mara nyingi inafaa. Zote tatu zikate sawa, zikipishana biti haitakaa katikati.

Biti ikiyumba, usilaumu kichwa kabla ya kuichunguza biti. Iviringishe juu ya kioo: iliyopinda itaonekana ikicheza. Biti ikiwa nyoofu, ibane, zungusha, tazama ncha dhidi ya kona ya ubao. Kisha ilegeze, izungushe theluthi ndani ya taya, uibane tena. Ncha ikiyumba sasa upande mwingine, uchafu au taya ndizo zenye kosa. Ikiyumba upande uleule, mhimili, yaani fimbo inayobeba kichwa, umepinda, na hapo nasema wazi: ipe drili mapumziko. Mhimili uliopinda unaweza kunyooshwa kwenye mashine ya kukerezea, lakini haurudi kuwa kamili, na kwa biti ya milimita 1.5 yumbo lolote ni biti iliyovunjika.

Kubadilisha kichwa peke yake ndilo wazo linalomjia kila mtu, na ndilo linalokwama mara nyingi. Kukitoa ni rahisi: dondosha mafuta ya kupenya usiku, asubuhi bana ufunguo wa pembe sita kwenye taya kama biti, shika gia ndogo kwenye jiriwa kwa vipande vya mbao, gonga mkono wa ufunguo pigo fupi kinyume cha saa ukitazama kutoka mbele. Usichomeke kabari kati ya meno ya gia kubwa, utajifanyia ule ubovu wa jino niliousema. Kigumu ni kukipata kingine. Vichwa vya mashine za umeme vinauzwa na nyuzi za 3/8 kwa 24, au 1/2 kwa 20, yaani kipenyo kwa inchi na idadi ya nyuzi katika inchi moja. Drili nyingi za zamani hazina nyuzi hizo. Weka rula kwenye nyuzi za mhimili, hesabu ngapi zinaingia katika milimita 25.4, pima na kipenyo. Vikilingana, una bahati. Visipolingana, fundi wa kukereza anaweza kukutengenezea kipande cha kati, ila kila kipande cha kati kinaongeza urefu, na urefu unaongeza yumbo.

Kutu ya kawaida si ugonjwa. Toa sehemu za mbao, zamisha vyuma katika siki saa 12, sugua, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha kwenye jua, tia mafuta siku hiyohiyo. Usiviache siku tatu kwa kusahau, siki haijui kutofautisha kutu na chuma. Kwenye gia zilizo wazi tumia mafuta mepesi, si grisi. Grisi inakusanya vumbi la mbao na kuligeuza kuwa msasa.

Ukiamua kununua

Nenda na biti zako mwenyewe mfukoni: ya milimita 1, ya 3 na ya 6. Dukani usianze na gia, anza na ile ya milimita 1. Drili nyingi mpya za bei ya chini taya zake hazikutani katikati, zinaishika biti nyembamba upande mmoja tu au zinaiacha idondoke. Hiyo iache hapohapo, maana ni kazi ndogo ndizo zinazofanya mtu atake drili ya mkono. Kisha bana ya milimita 6, zungusha, tazama ncha. Kandamiza kichwa kwenye kipande cha mbao huku ukizungusha, usikie kama gia zinaruka. Mwisho zungusha kinyume na kusimama ghafla mara mbili tatu: kichwa kisifunguke kutoka kwenye mhimili.

Zipo mpya ambazo gia zake zimefunikwa ndani ya kisanduku. Faida yake ni vumbi kutoingia na vidole kutobanwa, na kwa karakana ya shule ni chaguo langu la kwanza. Hasara yake ni kwamba ikianza kuruka huwezi kuweka washa ya kopo la soda bila kuvunja kisanduku. Ya wazi ya mtumba, iliyopita majaribio haya, mimi naichukua mbele ya mpya iliyofungwa.

Drili ya kifua ni ndugu yake mkubwa: ina bamba la kuegemeza kifua, kichwa kinachoshika hadi milimita 13, na mara nyingi gia za kasi mbili. Ukiwa nayo na unatoboa chuma, usiibadilishe kwa drili ndogo ya mkono, haina uzito wala uwiano. Tumia kasi ya chini kuanzia milimita 6 kwenda juu, mafuta kwenye chuma, mafuta ya taa kwenye alumini. Ile kubwa ya kufungwa ukutani, yenye gurudumu zito juu, si ya kubadilisha bali ya kutafutiwa ukuta imara.

Na ile ya umeme au ya betri? Kwa anayetoboa matundu 40 kwa siku, au zege, ndiyo jibu na hakuna haja ya mjadala. Kwa zege kekee yoyote ya mkono niliyoitaja ni kupoteza biti. Lakini kuna jambo moja linalofanyika katika uhamiaji huo ambalo halisameheki: kukata msuka wa pembe nne wa biti za bresi kwa msumeno ili ziingie kwenye mashine. Ile skrubu ya ncha ilipimwa kwa mkono unaozunguka polepole. Kwa kasi ya mashine inaivuta biti ndani ya mbao haraka kuliko vumbi linavyotoka, biti inakwama, na kitakachozunguka ni mashine pamoja na kifundo cha mkono wako. Kwa mashine nunua biti bapa zenye ncha isiyo na skrubu. Zile za msuka zifunge kwenye kitambaa chenye mafuta, kila moja peke yake ili kucha zisigongane, uziweke pamoja na bresi.